Kukata rufaa Kenya ukiwa ulishasaini makubaliano ya kukiri kosa

Karani atakuambia, askari jela atakuambia, hata yule wakili wa kuokotwa kwa korido atakuambia: mlisaini wenyewe, rudini nyumbani. Usirudi bado. Kifungu cha 137L cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinafunga rufaa kweli, lakini kinaacha ukali wa adhabu na uhalali wake, na sisi tulipitia hapo kwa hoja ya uhalali. Mdogo wangu alikaa rumande muda mrefu kabla ya kukubaliana na upande wa mashtaka, na siku ya kuhukumiwa ule muda haukuguswa kabisa, wakati kifungu cha 333(2) kinasema lazima uzingatiwe. Hilo halihusiani na kama alikiri ama hakukiri.

Angalia pia hakimu alimwambia nini kabla ya kuyapokea makubaliano. 137F inamtaka amueleze mshtakiwa mwenyewe, na ahakikishe anaelewa, kwamba ana haki ya kukana, haki ya kesi kusikizwa yote, adhabu ya juu kabisa ni ipi, na kwamba akikubali anaachilia rufaa. Kama alijadiliana na upande wa mashtaka kupitia mkalimani, cheti cha mkalimani kinafaa kuwa ndani ya makubaliano. Faili ikiwa kimya kwa hayo, hapo mna cha kusema. Na kama kulikuwa na udanganyifu, hiyo siyo rufaa, mnaomba mahakama itengue hukumu kwa hiyo 137L hiyo hiyo.

Sasa siku. Za kukata rufaa ni 14 tangu hukumu na ukiambiwa ngoja proceedings, yaani rekodi ya kesi, zichapwe kwanza usikubali, watu wamezeeka wakingoja uchapishaji. Siku ile ile ya hukumu, ama kesho yake asubuhi, andika barua ya kuomba nakala ya proceedings na hukumu, toa kopi mbili, moja waache nayo na nyingine wakugongee muhuri wenye tarehe.

Huo muhuri ndio ulitutesa. Tulifika kaunta ya mahakama dada akabonyeza muhuri mara mbili tatu kwa kopi yetu, ikatoka alama ya rangi ya maji, akasema wino umekauka, wacheni tu barua tutaiweka kwa faili, akaitupa kwa katoni iliyokuwa chini ya meza pamoja na nyingine kama hamsini hivi. Tuliporudi hakuna mtu aliyewahi kuiona na siku zilikuwa zimeisha. Ubaya ni kwamba kifungu cha 349 kinakupa njia nzuri sana ukichelewa: ukionyesha uliomba rekodi na ukashindwa kuipata kwa wakati unaofaa, High Court lazima ipokee rufaa yako. Lakini utaonyesha nini bila muhuri? Tukabaki kuomba huruma ya jaji kwa hati ya kiapo, ikapita, lakini hiyo ni pesa ya wakili na miezi ya mtu akiwa ndani. Kwa hivyo wino ukikauka nenda dirisha lingine, ngoja lunch iishe, mwite mkubwa wao, usitoke bila alama inayosomeka.

Petition yenyewe, yaani karatasi ya rufaa, si kazi kubwa, sababu zako kwa namba, fupi, na usianze kulia kwamba hukufanya kosa maana hapo ndio utafungiwa mlango. Aliye ndani anaweza kumpa mkuu wa gereza aipeleke, sheria inaruhusu, ila naye pia muulize aliituma lini.

Moja ya mwisho kabla hujapeleka: kwa rufaa ya adhabu jaji anaweza kupunguza na anaweza pia kuongeza. Kama mlipewa kifungo kidogo kuliko kawaida ya kosa hilo, kaeni chini na wakili mpige hesabu kwanza, maana kuna watu walienda kudai miezi wakapewa miaka.