Viza ya mwenza ikikataliwa: rufaa inaanzia kwenye sanduku la mama, Vwawa

Barua ya kukataliwa ilimfikia mke wangu kwa baruapepe akiwa Vwawa, mkoani Songwe, saa tano asubuhi. Hakupiga simu. Alinirushia picha ya ukurasa wa kwanza, nami nikiwa zamu ya asubuhi ghalani huku Leicester nikaisoma nimesimama katikati ya mizigo. Macho yangu yaliishia kwenye neno moja: imekataliwa. Haki ya kukata rufaa na siku zake zilikuwa zimeandikwa ukurasa wa mwisho, na ukurasa huo sikuufungua mpaka siku ya tatu.

Ninamwandikia ndugu yangu wa Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa aliyeko Uingereza, ambaye mke, mume au mtoto wake amenyimwa viza. Anza na ukurasa ule wa mwisho. Mwombaji aliyeko nje ya Uingereza ana siku 28 tangu apokee uamuzi. Aliyeko ndani ya Uingereza ana siku 14 tu, na zinahesabiwa tangu uamuzi utumwe. Jumamosi na Jumapili zimo. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu, lakini hapo unamwomba jaji akuvumilie kabla hajaiona kesi yenyewe.

Jambo ambalo wengi hatulijui, na mimi sikulijua: kufungua rufaa hakungoji ushahidi ukamilike. Unajaza fomu, unaambatanisha barua ya kukataliwa, unalipa ada, basi. Sisi tulilipa paundi 140 kwa sababu tulitaka kusikilizwa mbele ya jaji. Rufaa ya kuamuliwa kwa makaratasi peke yake ilikuwa paundi 80. Vielelezo hufuata baadaye kwa tarehe ambazo baraza la rufaa litakupangia. Kwa hiyo usikae siku 25 ukingoja cheti kutoka kijijini.

Hakikisha kwanza kwamba rufaa ipo. Viza ya mwenza na ya mtoto anayemfuata mzazi kwa kawaida hubeba haki ya rufaa kwa sababu zinagusa maisha ya familia, yanayolindwa na kifungu cha 8 cha Mkataba wa Haki za Binadamu wa Ulaya. Viza ya matembezi haina. Mama akikataliwa kuja kumwona mjukuu, njia ya kawaida ni kuomba upya na kujibu kila sababu iliyotajwa. Viza ya masomo au ya kazi ina mapitio ya kiutawala: ofisa mwingine anaangalia kama mwenzake alikosea, na kwa kawaida hapokei karatasi mpya. Ndugu zangu wa Kanada, ombi la kumdhamini mwenza likikataliwa, anayekata rufaa ni mdhamini, na ana siku 30. Marekani, viza ya matembezi iliyokataliwa kwa kifungu cha 214(b) haina rufaa kabisa.

Wakili

Hapa nilianza vibaya. Kuna mtu wa kwetu huku ambaye kila mmoja husema "anajua fomu". Nilimpelekea barua nyumbani kwake, nikampa paundi 250, akaniambia nisihangaike na rufaa, tutaomba upya kwa karatasi zilezile na barua nzuri ya maelezo. Nilipoteza siku tisa nikimpigia simu isiyopokelewa. Baadaye ndipo nikajua kwamba tangu sheria ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji Uingereza bila kusajiliwa ni kosa la jinai, hata kama mtoaji ni mtu wa kanisani kwenu na hakutozi kitu.

Wanaoruhusiwa ni mawakili wanaosimamiwa na vyombo vya taaluma yao, na washauri waliosajiliwa na Immigration Advice Authority, chombo ambacho mpaka Januari 2025 kiliitwa OISC. Majina yao yako kwenye rejesta za wazi mtandaoni. Tafuta jina la mtu kabla ya kumpa hata senti, na kama ni mshauri, angalia ngazi yake: wa ngazi ya 3 ndiye anayeruhusiwa kukuwakilisha mbele ya jaji. Muulize pia kama bei ni moja mpaka mwisho au inahesabiwa kwa saa, na kama ndani yake yumo atakayesimama siku ya kusikilizwa. Na msaada wa kisheria wa serikali? Kwa England na Wales, kesi za familia kama hizi ziliondolewa kwenye mpango huo mwaka 2013. Ipo njia ya kuomba msaada kwa sababu za kipekee, na wakili mwaminifu atakuambia kama unafaa kuijaribu.

Wakili tuliyempata alikuwa mama mmoja mtulivu. Hakuniuliza habari za ndoa yetu kwanza. Alichukua kalamu ya njano, akaisoma barua ya kukataliwa mstari kwa mstari, na kila penye sababu akapaka rangi na kuandika namba pembeni. Zilikuwa tatu. Ya kwanza: slipu ya mshahara ya mwezi mmoja haikuwepo, wakati kanuni inataka za miezi sita zinazolingana na taarifa za benki. Kiwango chenyewe cha kipato, ambacho tangu tarehe 11 Aprili 2024 ni paundi 29,000 kwa mwaka kwa anayeanza kuomba, nilikuwa nimekifikia. Kilichokosekana ni karatasi. Ya pili: jina la ukoo la mke wangu kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na lililo kwenye pasipoti. Ya tatu: cheti cha kuzaliwa kinasema mkoa wa Mbeya, cheti cha ndoa kinasema Songwe. Kwa hiyo ofisa akaandika kwamba hana uhakika na utambulisho wa mwombaji, wala na ukweli wa ndoa.

"Ya kwanza tutaijibu mimi na wewe," akasema. "Hizi mbili siwezi kuzijibu kutoka hapa. Anayeweza ni mama yako mkwe."

Karatasi za kwetu

Mtu wa nyanda za juu kusini asipokuwa makini hapa anaweza kushindwa rufaa nzuri kabisa. Ofisa anayesoma faili letu haijui historia yetu, na karatasi zetu zimebeba historia ndani yake.

Songwe ulikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya mpaka mwaka 2016. Aliyezaliwa Mbozi, Ileje au Momba kabla ya hapo amezaliwa Mbeya kwa maandishi, na leo kwao ni Songwe. Ni hivyo hivyo kwa Njombe: Makete na Ludewa zilikuwa Iringa mpaka mwaka 2012. Kijiji hakijahama hata hatua moja, ila karatasi mbili za mtu mmoja zinataja mikoa miwili. Kwetu ni jambo la kawaida kiasi kwamba hatufikirii kulieleza. Lieleze. Barua fupi ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, yenye mhuri, ikisema kwamba wilaya hii ilikuwa mkoa fulani mpaka mwaka fulani, inatosha kuliondoa shaka hilo.

Majina ndiyo mtego mkubwa zaidi. Mke wangu ni Mnyamwanga. Kwa Wanyamwanga mtoto wa kiume hubeba jina la ukoo linaloanza na Si-, wa kike linaanza na Na-. Baba ni Simukonda, binti ni Namukonda, ukoo ni mmoja. Ndivyo lilivyo jina la mke wangu kwenye cheti cha kuzaliwa, la Na-. Alipoanza shule mwalimu akaandika jina la baba kama lilivyo, la Si-, na hilo likafuata kwenye vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Mzungu aliyeko ofisini anaona watu wawili. Kwa Wanyakyusa shida huwa ndogo zaidi, herufi moja imezidi au imepungua kwenye jina la Mwa-, lakini hata hiyo usiiache hewani.

Tulihitaji vitu vitatu. Kiapo cha mke wangu mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo mjini Mbeya, akieleza kwamba majina yote mawili ni yake na yalitokeaje. Maelezo ya maandishi ya baba mkwe kuhusu desturi ya majina. Na barua ya mtendaji wa kata inayothibitisha kwamba familia hiyo inajulikana. Huyo wakili wa Mbeya aliyesimamia kiapo alifanya kazi muhimu sana, ila kazi yake inaishia hapo. Hawezi kuendesha rufaa ya Uingereza, na wako wanaoahidi kwamba wanaweza.

Cheti halisi cha kuzaliwa kilikuwa kwa mama mkwe, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kimefungwa kwenye kipande cha kanga pamoja na kadi ya kliniki ya mwaka 1994. Alikuja nacho Mbeya kwa Coaster, amekipakata safari nzima, na alipofika kwa wakili hakutaka kukiachia. Akauliza, "Mtanirudishia?" Wakili akakitolea nakala mbele yake, akathibitisha kwa mhuri, akamrudishia mkononi. Na ile kadi ya kliniki, ambayo hakuna aliyeiomba, ilikuwa na jina la Na-, jina la mama, na mwandiko wa nesi wa wakati ule. Wakili wetu wa huku alipoona picha yake alisema iletwe upesi. Karatasi iliyoandikwa miaka 30 kabla ya kesi hakuna anayeweza kusema imetengenezwa kwa ajili ya kesi.

Kwa hiyo waambie wa nyumbani wafungue masanduku: kadi za kliniki, kadi ya ubatizo, picha za siku ya kutoa mahari. Kama una mtoto aliyesajiliwa kwenye mpango wa watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya mwaka 2013, cheti chake huenda kimeandikwa kwa mkono. Mwambie wakili mapema kwamba ndivyo vilivyotolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, asije akakiona ni cha kughushi. Omba kampuni ya simu taarifa ya miamala ya fedha ulizokuwa ukituma. Na kila karatasi ya Kiswahili iende na tafsiri yenye jina la mfasiri, saini, tarehe, mawasiliano yake na tamko kwamba tafsiri ni sahihi. Tafsiri ya shemeji isiyo na hayo inaweza kuwekwa kando.

Usiongeze hata kitu kimoja kisicho cha kweli. Pengo unaweza kulieleza. Karatasi ya uongo ikigundulika, mwombaji anaweza kufungiwa viza miaka 10.

Siku ya kusikilizwa

Kabla ya siku hiyo wakili hupeleka hoja zake kwa maandishi pamoja na vielelezo vyote, na upande wa serikali unatakiwa kuipitia kesi upya. Zipo kesi zinazoishia hapo, serikali ikiondoa uamuzi wake yenyewe. Yetu haikuishia hapo.

Tulidhani mke wangu atazungumza na jaji kwa video kutoka Mbeya. Haiwi rahisi hivyo. Baraza la juu la uhamiaji lilieleza mwaka 2021 kwamba shahidi hawezi kutoa ushahidi wa mdomo kutoka nchi nyingine mpaka ijulikane kwamba nchi hiyo haina pingamizi, na kuulizia huko kunachukua muda. Maelezo ya maandishi hayana kizuizi hicho. Wakili alimwandikisha mke wangu maelezo marefu kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, kisha yakatafsiriwa. Aliyehojiwa nilikuwa mimi. Niliulizwa mke wangu hulala saa ngapi anapotoka dukani, nani alisimamia mahari, na Songwe iko wapi. Kwa swali hilo la mwisho wakili alifungua ukurasa wenye barua ya ofisi ya wilaya, na jaji akaisoma kimya mpaka mwisho.

Jibu halikutoka siku hiyo. Lilikuja kwa maandishi baada ya wiki kadhaa, rufaa ikiwa imekubaliwa. Hata hapo usikate tiketi. Upande wa serikali una siku zake za kuomba ruhusa ya kwenda baraza la juu, na wewe ukishindwa unayo haki hiyo hiyo, kwa kosa la kisheria tu, si kwa sababu hukuridhika. Ngoja mpaka wakuandikie kwamba mwombaji apeleke pasipoti.

Kiapo, kadi ya kliniki na barua ya wilaya tumevitunza kwenye faili moja hapa nyumbani, nakala nyingine iko Vwawa. Viza ya kwanza ya mwenza ni ya miezi 33, na kabla haijaisha tutaomba kuongezewa muda. Cheti chenyewe kimerudi kwenye sanduku la bati. Mama mkwe alitutumia picha akikifunga tena kwenye kanga yake.