Sindano ya Depo na uvimbe wa kichwani: jinsi ya kufungua madai ukiwa Marekani

Dada yangu, kama uko Louisville, Dallas au Columbus, ulichomwa sindano ya uzazi wa mpango ya Depo-Provera kwa miaka, na sasa daktari amekuambia una meninjioma, yaani uvimbe kwenye utando unaofunika ubongo, soma hapa kabla hujatia saini karatasi ya mtu yeyote.

Kesi za sindano hii zilipata nguvu Machi 2024, jarida la kitabibu la BMJ lilipochapisha utafiti wa Ufaransa uliochunguza wanawake 18,061 waliopasuliwa uvimbe huo. Kwa waliotumia sindano hii mwaka mmoja au zaidi, hatari ya kufikia upasuaji ilikuwa karibu mara 5.6 ya wasioitumia. Ugonjwa wenyewe bado ni wa nadra. Wanawake wengi Marekani wameishtaki Pfizer, kampuni inayotengeneza sindano hii, kwamba haikuwaonya, ilhali Kanada maelezo ya dawa hiyo yalitaja meninjioma tangu 2015. Pfizer inakana, na hoja yake kubwa ni kwamba FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, hapo awali iliikatalia kuongeza onyo hilo. Tangu Februari 2025 kesi za shirikisho zinasikilizwa Pensacola, Florida, mbele ya Jaji M. Casey Rodgers. Zimekusanywa pamoja, lakini kila mama ana faili lake na ushahidi wake.

Anza na tarehe. Andika siku picha ya kichwa ya MRI ilipoonyesha uvimbe, na siku ya upasuaji kama ulifanyiwa. Muda wa kufungua kesi ni wa kila jimbo: Kentucky na Tennessee mwaka 1 tu, Texas na Ohio miaka 2. Muda huo unaanza kuhesabiwa siku gani ni jambo ambalo mawakili hubishania, kwa hiyo usijikatie tamaa mwenyewe kwamba umechelewa, wala usijipe moyo kwamba muda upo. Muulize wakili wiki hii.

Halafu tafuta rekodi za sindano. Hapa ndipo nimeona kina mama wengi wakikwama, maana kazi yangu ni ukalimani. Mmoja alikuja na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, aliosafiri nao kutoka kambi ya wakimbizi. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya Nyarugusu, kambi iliyoko Tanzania, imekunjwa mara nne, tarehe zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na mbele ya kila tarehe neno moja: "sindano". Dawa ya kampuni gani, haisemi. Tukaandikia kliniki zake mbili za hapa Marekani. Ya kwanza ikajibu kwamba mafaili ya zamani yameshaharibiwa. Ya pili ikaleta kila kitu: tarehe, miligramu 150, jina la mtengenezaji, namba ya toleo la dawa. Kurasa hizo ndizo zilizombeba. Kadi ya kambini usiitupe, mpe wakili nayo, ila usiitegemee peke yake.

Ombi la rekodi liwe la maandishi. Sheria ya Marekani ya rekodi za matibabu, HIPAA, inakipa kituo siku 30 kukujibu, na kinaweza kujiongezea 30 nyingine mara moja tu. Omba faili zima, usikubali muhtasari, na utaje kwamba unataka orodha ya sindano ulizochomwa pamoja na namba za matoleo. Kliniki ikikosa, jaribu duka la dawa, kisha bima au Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa sababu aliyelipia sindano huwa na kumbukumbu ya malipo. Kwa upande wa ugonjwa, omba majibu ya MRI, ripoti ya upasuaji na ya maabara.

Wakili wa kesi hizi halipwi mwanzoni. Huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi asilimia 33 hadi 40, na ukishindwa hadai ada. Muulize kama gharama za kesi zinakatwa kabla au baada ya asilimia yake, kwa sababu tofauti hiyo ni pesa yako. Jua pia kwamba Medicaid ikiwa ililipia upasuaji, inaweza kudai irudishiwe. Hakikisha leseni ya wakili kwenye chama cha mawakili cha jimbo. Anayekugongea mlango au kukuvizia baada ya ibada na fomu mkononi, mwache aende. Na kukosa uraia hakukuzuii kushtaki.

Kesi ikifunguliwa utapewa dodoso refu la kujaza kwa kiapo. Usikisie tarehe, pale usipokumbuka, andika hukumbuki. Mtoto wako asikutafsirie, dai mkalimani.

Kama bado unachomwa sindano hii, zungumza na daktari kuhusu njia nyingine kabla ya kuiacha.

Ukihama nyumba au kubadilisha simu, mjulishe wakili siku hiyohiyo. Barua ya mahakama isiyojibiwa inaweza kufuta kesi yako.