Kuweka PostgreSQL kwenye Ubuntu kwa ajili ya tovuti yako

Ubuntu 24.04 huja na PostgreSQL 16, programu ya kuendesha kanzidata, nayo yatosha kwa tovuti nyingi.

`sudo apt update`
`sudo apt install postgresql`

Huduma hujiwasha yenyewe. Andika `pg_lsclusters`: hali iwe online, porti 5432.

Usiipe programu akaunti ya postgres. Hiyo ni ya msimamizi, na mtu akipenyeza SQL (lugha ya amri za kanzidata) kupitia fomu moja tu, kanzidata zote zimekwenda. Fungua akaunti ya peke yake, tuseme ya duka:

`sudo -u postgres createuser -P duka`
`sudo -u postgres createdb --owner=duka duka`

Kwa `-P` utaulizwa nenosiri, kwa hiyo halibaki kwenye historia ya amri. Hilo neno `--owner` nalo usiliruke. Tangu toleo la 15, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda majedwali kwenye skima ya public, yaani sehemu ya kanzidata ambamo majedwali huwekwa kwa kawaida. Miongozo ya zamani hukuambia utumie `GRANT ALL PRIVILEGES ON DATABASE`. Amri inapita vizuri tu, kisha programu ikianza kuunda jedwali la kwanza unapata `permission denied for schema public`. Mwenye kanzidata hazuiwi. Kama ulishaiunda bila mmiliki, ingia kwa `sudo -u postgres psql` uandike `ALTER DATABASE duka OWNER TO duka;`

Sasa jaribu `psql -U duka duka`. Utakataliwa: `Peer authentication failed`. Nenosiri halina kosa, wala hukuulizwa. Ukipitia soketi ya ndani (njia ya mawasiliano ya programu zilizo kwenye mashine moja), PostgreSQL hulinganisha jina lako la Linux na jina la akaunti, na hayafanani. Pitia anwani ya mtandao ya seva yenyewe:

`psql -h 127.0.0.1 -U duka duka`

Anwani hiyohiyo iweke kwenye mipangilio ya programu. Wapo wanaoshauri kuandika `trust` ndani ya pg_hba.conf (faili linaloamua nani aingie na kwa njia gani), tatizo litaondoka kweli, pamoja na ulinzi, maana yeyote aliye kwenye seva ataingia bila nenosiri.

Kumbukumbu (RAM): `shared_buffers`, sehemu ambamo PostgreSQL huweka data inayoitumia, huanza na MB 128. Kwa seva ya kanzidata yenye GB 4, weka 1GB katika /etc/postgresql/16/main/postgresql.conf, kisha `sudo systemctl restart postgresql`, reload haitoshi. `max_connections` ni 100, iache hapo. Kila muunganisho ni prosesi kamili inayokula RAM, kwa hiyo ikijaa punguza kwanza miunganisho inayoshikiliwa na programu.

Nakala rudufu:

`sudo -u postgres pg_dump -Fc duka > duka.dump`

Alama ya `>` ina kazi. Ukitumia `-f`, faili litaandikwa na postgres, ambaye hana ruhusa kwenye folda yako ya nyumbani. Kurejesha ni vivyo hivyo, na fanya kwenye kanzidata ya majaribio:

`sudo -u postgres createdb --owner=duka jaribio`
`sudo -u postgres pg_restore -d jaribio < duka.dump`

Hesabu safu za jedwali kubwa kuliko yote pande zote mbili kabla ya kuiweka amri ya nakala kwenye cron, kiratibu cha Linux kinachoendesha amri kwa saa ulizopanga.