Jinsi ya kuona maji yanavyopambana na chuma, zinki na alumini ukiwa nyumbani tu hapa Mwanza

Mi kemia nilisoma bila maabara. Ticha aliandika ubaoni potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu, yaani metali zimepangwa kuanzia yenye fujo zaidi mpaka mpole kabisa, tukakariri kama wimbo, tukafanya mtihani, basi. Nilikuja kuuelewa ule mstari miaka mingi baadaye, nipo mwaloni Igombe namwangalia fundi anavunja mtumbwi mkuukuu, misumari ya kawaida ilishakwisha imebaki unga mwekundu ndani ya mbao, ila ile iliyopakwa zinki inatoka bado ina shingo yake nzima. Nikasimama pale kumbe ndo ile ya ubaoni! Sasa nawaandikia nyie mnaosoma Buswelu, Mkolani, Nyakato, Ukerewe, popote ambapo maabara hamna, maana vitu vya kuonea haya mambo viko dukani na jikoni kwenu.

Cha kwanza jua hivi. Molekuli ya maji ni oksijeni moja imeshikana na haidrojeni mbili, upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa haidrojeni chanya kidogo, ndo maana maji yanayeyusha chumvi na vitu vingi sana. Metali ikikutana na maji swali ni moja tu, je ina nguvu ya kuisukuma haidrojeni itoke na yenyewe ishikane na oksijeni? Wa juu kwenye ule mstari wanaweza kwa fujo, wa katikati mpaka wasaidiwe na moto au mvuke, wa chini hawawezi kabisa. Dhahabu ingekuwa inaliwa na maji basi wachimbaji wadogo wa Geita wasingekuwa na kitu cha kukamata kwenye karai, ilishalala kwenye udongo wenye maji miaka isiyohesabika na bado inang'aa.

Tuanze na misumari, na hapa usiwe na haraka. Tafuta chupa 5 za kioo, zile za jamu zinafaa, misumari 4 ya kawaida na mmoja wa bati (ule wa kuezekea, umepakwa zinki). Ioshe yote kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, halafu ile 4 ya kawaida isugue kwa msasa mpaka ing'ae, wa bati USIUSUGUE utatoa zinki. Chupa ya kwanza weka msumari na maji ya ziwa au ya bomba, yafike nusu ya msumari, acha wazi. Ya pili hivyohivyo ila koroga na kijiko cha chumvi. Ya tatu chemsha maji dakika 10 ili hewa iliyoyeyuka ndani itoke, yaache yapoe kidogo sufuria ikiwa imefunikwa maana chupa baridi ikipigwa na maji yanayochemka inapasuka, mimina taratibu yafunike msumari wote kisha mwagia juu mafuta ya kula kama kidole kimoja ili hewa isirudi. Ya nne haina maji, weka msumari pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, vinanyonya unyevu, funga kifuniko kaza. Ya tano ni wa bati kwenye maji ya kawaida, wazi. Andika namba na tarehe kwenye kila chupa, weka mahali watoto hawafiki, angalia kila jioni kwa wiki 2.

Utakachokiona ni kwamba ya chumvi inawahi kushika kutu, ya maji ya kawaida inafuata, ya mafuta na ile kavu zinabaki karibu kama ulivyoziweka. Maana yake chuma hakiliwi na maji baridi peke yake, kinataka maji NA oksijeni pamoja, ukimnyima mmoja kazi inasimama. Chumvi inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogomdogo juu ya chuma, ndo maana msumari ufukweni Tanga unakwisha upesi kuliko ufukweni kwetu, ziwa letu halina chumvi nyingi. Kuhusu ule wa bati, baada ya wiki ukwaruze kwa tupa mpaka chuma kionekane kidogo, urudishe kwenye maji. Pale palipokwaruzwa patachelewa sana kushika kutu kwa sababu zinki iko juu ya chuma kwenye mstari, inaliwa yenyewe kwanza. Mi hii ndo naipenda kuliko zote!

Chuma kikiwa chekundu kwa moto halafu kikapitishiwa mvuke, hapo sasa kinamenyuka na maji moja kwa moja, kinatoa haidrojeni na kubaki oksidi nyeusi, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni, mwanakemia Lavoisier kule Ufaransa alifanya hivyo kwa mtutu wa bunduki miaka ya 1780 kuonyesha kwamba maji sio elementi. Hiyo usijaribu nyumbani.

Alumini inachanganya watu, kwenye mstari iko juu ya chuma mbona sufuria inachemsha maji kila siku na haiishi? Ni kwa sababu ina ngozi nyembamba ya oksidi inayoshikilia kweli, sio kama kutu inayobanduka. Ila ngozi hiyo ikiyeyushwa utaona hasira yake. Mama mdogo wangu alipoanza kutengeneza sabuni ya maji alikoroga kostiki kwenye sufuria ya alumini, ikaanza kutoa povu na moshi na joto, akakimbia nje, tulivyorudi sufuria imetoboka. Kostiki ilikula ile ngozi, alumini ikabaki uchi, ikamenyuka na maji ikitoa haidrojeni ambayo cheche moja tu inailipua. Kwa hiyo mama zangu mnaotengeneza sabuni tumieni ndoo ya plastiki ngumu, na kostiki ndo inatiwa kwenye maji kidogokidogo, sio maji kwenye kostiki.

Sodiamu na potasiamu hata ukipata usiguse. Zinatunzwa ndani ya mafuta kwa sababu hata unyevu wa mkononi unatosha. Sodiamu inaelea kwenye maji, inayeyuka kuwa kidonge kinachokimbia huku na huku, potasiamu inawaka na moto wa zambarau. Kalsiamu ni mpole kidogo, inazama, inatoa mapovu, maji yanakuwa meupe kama ya chokaa.

Elementi zisizo metali nazo zipo, ya karibu yako ni klorini. Ikiingia kwenye maji inatoa asidi mbili, moja ni haidrokloriki na nyingine ni haipoklorasi, hiyo ya pili ndo inaua vijidudu vya kipindupindu kwenye maji ya bomba.

Mwisho vunja maji yenyewe. Chukua betri 4 za tochi uziunge mstari mmoja upate volti 6, risasi 2 za penseli (hiyo risasi ni jina tu, ni kaboni, sio ile metali ya kwenye mstari), na bomba 2 za sindano zisizo na sindano, toa pistoni, yeyusha ncha kwa mshumaa mpaka izibe. Toboa chini ya kopo la plastiki, pitisha risasi zote mbili, ziba kwa nta, jaza maji yenye kijiko cha soda ya kuokea (sio bekingi pauda, na sio chumvi maana itatoa klorini). Jaza bomba maji, zigeuze juu ya kila risasi bila kuingiza hewa, unga waya, subiri kama nusu saa. Upande wa hasi gesi itakuwa mara 2 au zaidi kidogo ya upande wa chanya, maana sehemu ya oksijeni inaishia kwenye risasi na kwenye maji. Chomoa bomba la hasi mdomo ukiwa chini, lisizidi mililita 5, sogeza njiti inayowaka, utasikia pwa! Hiyo ni haidrojeni imeshikana tena na oksijeni ya hewani imerudi kuwa maji.