Somo: Namna ya kuamua ununuzi wa trekta dogo kwa shamba dogo

Somo hili linamhusu mkulima mwenye shamba la hekta moja hadi kumi hivi ambaye anafikiria kununua trekta dogo, yaani lenye injini ya nguvu farasi kati ya 15 na 50. Nimelipanga kwa hatua, na ningeomba zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa sababu wanunuzi wengi huanzia hatua ya mwisho: mtu anakwenda kwa muuzaji, anapanda kitini, anavutiwa na upya wa chombo, kisha anarudi nyumbani kulitafutia kazi ya kufanya.

Hatua ya kwanza: Andika kazi na saa zake

Chukua daftari uandike kila kazi ambayo trekta litafanya kwa mwaka mzima: kulima, kulainisha udongo, kupanda, kupalilia, kufyeka, kubeba samadi na mavuno. Mbele ya kila kazi weka ukubwa wa eneo na idadi ya mara ambazo kazi hiyo hurudiwa, kisha geuza eneo liwe saa. Kanuni yake ni nyepesi: zidisha upana wa zana kwa mita na mwendo kwa kilomita kwa saa, gawanya kwa 10, nawe utapata hekta kwa saa, halafu punguza robo kwa ajili ya kugeuza mwishoni mwa shamba, kupandanisha mapito kidogo na kusimamasimama.

Rotaveta, yaani zana yenye visu vinavyozunguka na kukatakata udongo, ya upana wa mita 1.2 ikienda kilomita 3 kwa saa hulima hekta 0.36 kwa saa kwenye karatasi, lakini shambani utapata kama hekta 0.27. Kwa hiyo shamba la hekta 4 litahitaji takribani saa 15 kwa kupita mara moja, na ukipita mara mbili katika kila msimu, kwa misimu miwili, ni saa 60 kwa mwaka. Wengi hushangaa wakiiona hesabu hii, kwa kuwa walidhani kulima ndiko kutakakolishughulisha trekta, kumbe mara nyingi trela na kazi ndogo ndogo za kila wiki ndizo zinazoongeza saa.

Hatua ya pili: Linganisha kumiliki na kukodi

Trekta lina gharama zinazokuja hata likiwa limelala bandani: kushuka kwa thamani, riba ya mkopo, bima na banda lenyewe. Zijumlishe kwa mwaka, kisha gawanya kwa tofauti kati ya bei ya kukodi kwa saa moja na gharama yako ya kuendesha trekta lako kwa saa moja, yaani dizeli, oili, dereva na matengenezo. Jibu litakalotoka ndilo idadi ya saa ambazo trekta linapaswa kufanya kazi kila mwaka ili kumiliki kusikutie hasara.

Tuchukue mfano wa kubuni. Trekta pamoja na zana lina thamani ya sehemu 100, na baada ya miaka 10 utaliuza kwa sehemu 30, kwa hiyo linapoteza sehemu 7 kila mwaka. Ongeza sehemu 5 za riba, bima na banda, upate 12. Ikiwa kukodi ni sehemu 0.25 kwa saa na kuendesha la kwako ni 0.10, tofauti ni 0.15, na 12 ukigawanya kwa 0.15 ni saa 80. Mwenye saa 60 katika mfano huu angefanya vyema kuendelea kukodi, au kuchukua kazi za majirani zitakazojaza saa 20 zilizobaki.

Najua hoja itakayofuata: trekta la kukodi huchelewa, na mvua haimsubiri mtu. Hoja hiyo ni ya kweli, kwa sababu kupanda kwa kuchelewa hupunguza mavuno, lakini nayo iwekwe katika tarakimu. Kadiria ulipoteza magunia mangapi msimu uliopita kwa kuchelewa, uyatie thamani, uyaingize katika hesabu. Yasipoingia katika hesabu yatabaki kuwa kisingizio cha kununua kitu ambacho moyo ulikwisha kukitaka.

Hatua ya tatu: Chagua zana kwanza, trekta baadaye

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie zaidi. Tarakimu inayoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa trekta kwa kawaida ni nguvu ya injini, na si nguvu inayofika kwenye zana. Shafti ya PTO, ile inayochomoza nyuma na kuzungusha rotaveta au mashine ya kufyeka, hupokea takribani asilimia 80 hadi 85 ya nguvu hiyo. Rotaveta huhitaji, kwa makadirio, nguvu farasi 16 hadi 20 za PTO kwa kila mita ya upana, na udongo mzito wa mfinyanzi huvuta kuelekea juu. Kwa rotaveta ya mita 1.2 basi utahitaji injini ya nguvu farasi 25 hadi 30. Kasi ya kawaida ya PTO kwa zana hizi ni mizunguko 540 kwa dakika. Uliza injini inapaswa kuzunguka kwa kasi gani ili kuifikia, kwani injini inayolazimika kukaribia ukomo wake itakula dizeli na kukuchosha kwa kelele.

Plau ni habari nyingine. Yenyewe haizungushwi bali hukokotwa, na kukokota hutegemea uzito na mshiko wa matairi kuliko nguvu farasi. Matrekta mawili ya nguvu farasi 28, moja la kilo 700 na jingine la kilo 1,100, hayatavuta plau moja kwa namna moja: lile jepesi litazungusha matairi mahali pamoja na kuchimba mashimo huku injini yake ikiwa haijatumia hata nusu ya uwezo. Kwa hiyo ukisoma karatasi ya maelezo, tafuta uzito mapema. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba uzito hugandamiza udongo, na mwenye bustani ya mboga yenye udongo wenye unyevu ana sababu ya kupendelea chombo chepesi.

Pima pia upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja la nyuma hadi la pili. Zana ikiwa nyembamba kuliko hapo, matairi yatakanyaga sehemu iliyokwisha kulimwa. Angalia pini za mikono ya chini ya kunyanyulia, ile miwili inayoshika zana nyuma ya trekta: aina ya 1, inayotumika katika matrekta mengi madogo, ni ya kipenyo cha milimita 22, na aina ya 2 ni milimita 28. Uwezo wa kunyanyua nao huandikwa kwa namna mbili, kwenye ncha za mikono au milimita 610 nyuma yake, na tarakimu ya pili, ambayo huwa ndogo zaidi, ndiyo inayofanana na hali halisi ya zana yenye kitovu cha uzito mbali na trekta.

Tenga sehemu nzuri ya fedha kwa ajili ya zana. Trekta lisilo na zana ni gari la mwendo wa polepole.

Hatua ya nne: Mfumo wa kuendesha na matairi

Kama shamba lina tope au mwinuko, chukua trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne. Matairi ya kilimo yenye meno marefu hushika udongo vizuri kuliko aina nyingine zote. Yale mapana yenye meno mafupi yanafaa kwenye nyasi na barabara.

Hatua ya tano: Vipuri na fundi

Kabla ya kukubaliana bei, nenda kwenye duka la vipuri uulizie chujio la oili, chujio la dizeli, sahani ya kluchi na sili za pampu ya haidroliki (ile inayosukuma oili ya kunyanyulia zana) za modeli hiyo hiyo. Jibu la "tutakuagizia" halitoshi, kwa kuwa trekta huharibika wakati wa kazi, na wakati wa kazi ndiyo siku ambazo huwezi kusubiri. Mimi ningekubali trekta lenye nguvu farasi tano pungufu ili mradi vipuri vyake vipo karibu na kuna fundi aliyekwisha kuifungua injini ya aina hiyo.

Hatua ya sita: Kukagua trekta lililotumika

Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini: ikiwa ina joto, huenda kuna ugumu wa kuwaka asubuhi ambao hakutaka uuone. Fungua kifuniko cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake. Likiwashwa, moshi mweusi kidogo wakati wa kuongeza kasi ya injini ni kawaida, lakini moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Nyanyua zana nzito, zima injini, uweke alama ya kimo chake kwenye fimbo, kisha endelea na ukaguzi mwingine. Ukirudi baada ya dakika kumi ukakuta imeshuka sana, haidroliki inavuja ndani. Tikisa magurudumu ya mbele kwa mikono miwili usikie kama pini na beringi zimelegea. Mwisho, linganisha mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, na pedali: mita inayosoma saa 400 haiendani na pedali ya kluchi iliyolika hadi chuma kinang'aa.

Hatua ya saba: Fremu ya kinga na kifuniko cha shafti

Usinunue trekta lisilo na fremu ya kumlinda dereva linapopinduka, wala lililoondolewa kifuniko cha PTO. Fremu hufanya kazi pamoja na mkanda. Bila mkanda, dereva hurushwa nje na fremu yenyewe yaweza kumwangukia.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nina nafasi ya kupata trekta kubwa la zamani la nguvu farasi 60 kwa bei ya trekta dogo jipya. Shamba langu ni hekta 3. Nichague lipi?

Jibu: Ndugu, jibu liko kwenye mipaka ya shamba lako. Trekta kubwa huhitaji nafasi pana ya kugeuzia, na katika vipande vidogo nafasi hiyo ni ardhi isiyopandwa. Kama vipande vyako ni virefu, na fundi wake yupo karibu, la zamani lenye injini nzima laweza kukufaa kwa miaka mingi. Kama ni vipande vidogo vyenye miti katikati, chukua dogo.

Swali: Je, mfumo wa kuendesha kwa pedali, usio na gia za kubadilisha kwa mkono, una thamani ya fedha inayoongezwa?

Jibu: Unategemea kazi. Kwa anayepakia na kupakua kutwa, akienda mbele na kurudi nyuma, pedali huokoa kluchi na mguu. Kwa anayelima mistari mirefu, gia za kawaida hupoteza nguvu ndogo njiani kuliko mfumo wa pedali, na matengenezo yake ni rahisi.

Swali: Sisi ni majirani watatu. Tukinunua kwa pamoja itakuwaje?

Jibu: Hesabu ya hatua ya pili inawapendelea, kwa sababu saa zenu zinajumlishwa. Tatizo ni kwamba nyote mtalihitaji katika wiki ile ile. Andikeni mapema nani anaanza na jinsi zamu zinavyobadilika kila msimu, muwe na dereva mmoja, na kila saa ya mita ilipiwe kwenye mfuko wa matengenezo na yeyote aliyeitumia, hata kama ni mwenye hisa.

Swali: Trekta langu linateleza likivuta plau. Nimeambiwa nijaze maji kwenye matairi. Ni salama?

Jibu: Ni salama na ni njia ya siku nyingi, mradi matairi na rimu vimeruhusiwa katika kitabu cha mtengenezaji. Weka vali juu kabisa na ujaze hadi usawa wake, yaani kama asilimia 75 ya ujazo, ili hewa ibaki ya kutosha kupokea mishtuko. Jaza ya nyuma yote mawili kwa kiwango sawa. Mahali penye baridi ya kugandisha, maji matupu hayafai. Halafu lijaribu tena plau kwa kina kile kile. Likiendelea kuteleza, punguza kina au upana wa plau kabla ya kuongeza uzito mwingine, maana kadiri mshiko unavyoongezeka ndivyo ekseli na gia zinavyobeba mzigo mkubwa zaidi.