Kufundisha marenja wa misitu kupima mto na kriki: hatua ninazofuata huku Mombasa

Kama umepewa kazi ya kuwafundisha marenja na maafisa wa misitu mambo ya mto, viumbe vyake na uchafuzi, na hujui uanzie wapi, fuata hapa. Majuzi nimemsaidia ndugu yangu mmoja wa chama cha wanamisitu upande wa Port Reitz kupanga mafunzo kama haya, na mengi ninayoandika ni majibu ya maswali yake.

Kuna swali lazima utaulizwa asubuhi ya kwanza: "Mwalimu, sisi ni watu wa miti, haya maji si kazi ya wengine?" Waambie mikoko yote ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na mikoko ndo mwisho wa mto. Mito ya Kombeni na Tsalu inashuka Kriki ya Tudor (kriki ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya bara), mto Mwache unashuka kriki ya Port Reitz, kwa hivo udongo wa mashamba, mafuta ya gereji, kinyesi cha mitaro, vyote vinakuja kutua kwenye mizizi ambayo yeye analipwa kuilinda. Mti unaweza kumfia mbele ya macho na hakuna aliyeugusa kwa panga.

Hatua ya 1: Vifaa

Usinunue vitu vingi. Wavu wa kuchotea (ukikosa, shona kipande cha chandarua kwenye waya mgumu), beseni jeupe, na nasema jeupe manake kwenye beseni la bluu mdudu wa nusu sentimita humuoni, kioo cha kukuza, kijiko cha plastiki, kamba, gambuti, glavu, kipimajoto, na mita ya kupima pH (uchachu wa maji) na chumvi. Mimi nataka mita moja ya maana kwa kundi zima kuliko tano za bei rahisi zinazotoa namba tano tofauti kwenye ndoo moja. Ya pH irekebishe asubuhi ile ile kwa yale maji yake maalum ya 4 na 7, usiseme niliirekebisha wiki iliyopita.

Kuandikia ni daftari la jalada gumu na penseli. Wino ukilowa unayeyuka, penseli haiyeyuki. App za simu waachie baadaye, mtu ana tope mpaka kwenye kiwiko na jua linawaka hata skrini haionekani, utapoteza data nzuri.

Ukumbini usikae zaidi ya nusu siku. Nshaona mafunzo ya siku tatu hotelini, projekta mwanzo mwisho, alafu renja anatoka hajawahi kushika jiwe la mtoni.

Hatua ya 2: Anzia mto wa maji baridi, yasiyo na chumvi

Wapeleke kwanza juu, mahali mto ni mto. Shimba Hills ni karibu na kunafaa sana, maji yanatoka msituni na unaweza kuwaonyesha mto unavokuwa kabla binadamu hajaufikia. Huko pia kuna chura mdogo, Hyperolius rubrovermiculatus, ambaye dunia nzima hapatikani kwengine. Renja akijua hilo anaanza kuuangalia ule mto kwa jicho jengine.

Kipimo ninachotumia ni miniSASS, kilitoka Afrika Kusini, kinagawa vijidudu vya mtoni makundi 13 na kila kundi lina alama zake. Unasimama ukielekea maji yanakotoka, unapiga mawe kwa mguu kama dakika tano, wavu uko upande maji yanakokwenda, unamwaga kwenye beseni na kuchambua. Minyoo, ruba, na mabuu ya mbu na nzi ni alama 2 kila kundi, konokono 4, watoto wa kereng'ende 6, kaa na kamba 6, na yule mdudu bapa wa chini ya mawe mwenye mikia miwili ana 17 peke yake manake hawezi kabisa maji machafu. Jumlisha alama, gawa kwa idadi ya makundi uliyoyapata (makundi, si wadudu, hapa wengi wanachanganya). Mto wa mawe ukipita 7.2 uko safi, ukishuka chini ya 5.3 una shida kubwa. Mto wa mchanga hivo hivo ila mipaka ni 6.8 na 4.8.

Usihukumu mto wa pwani kwa kuulinganisha na wa mlimani. Maji yakiwa nyuzi 20 yanabeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 ni kama 7.5 tu hata yawe safi vipi, kwa hivo huku wadudu wengine hawatakuwepo na si lazima kuna aliyechafua. Linganisha mto na wenyewe: juu ya kijiji na chini ya kijiji, kabla ya mvua na baada. Mvua kubwa ikipiga subirini mto utulie, mafuriko yanasomba wadudu wote na utapata namba ya uongo. Na gambuti wasivue, kichocho kiko pwani.

Wakimaliza warudishe viumbe majini.

Hatua ya 3: Kriki, na hapa usikimbie

Hii ndo hatua inayokula saa za watu, kwa hivo vumilia maelezo marefu.

Jambo la mwanzo, miniSASS haifanyi kazi kwenye kriki. Ni ya maji baridi yanayokwenda, chumvi ikiingia wale wadudu hawaishi, kwa hivo ukipata alama mbovu Tudor hujapima uchafu, umepima bahari.

La pili ni maji kujaa na kupwa. Chukua jedwali la maji la Kilindini, halmashauri ya bandari inalitoa, ndo upange tarehe ya mafunzo. Usipange tarehe alafu ukaangalia maji. Mombasa wakati wa bamvua (maji makubwa), mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa mpaka chini kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, saa nne asubuhi yamejaa. Kwa hivo bamvua inakupa asubuhi nzima ya kazi kwenye tope, na maji mafu yanakuletea marenja ishirini wamesimama kwenye changarawe wanatazama maji yaliyofika kwenye majani. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50, kwa hivo siku ya pili usiende saa ile ile ya jana.

La tatu ndo lenyewe. Mtoni "juu" na "chini" havibadiliki. Kwenye kriki vinabadilika kila baada ya saa sita hivi. Kundi moja upande wa Mikindani walichukua maji juu ya mtaro wa majitaka na chini yake, na "juu" kukatoka kuchafu kuliko "chini". Wakaamini kuna bomba jengine limefichwa huko mbele, wakaanza kulitafuta kwenye tope mpaka jua la utosi, wamechoka, wengine viatu vimebaki humo. Mzee mmoja mvuvi alikuwa pembeni anashona nyavu, akawauliza, "Wanangu mwatafuta nini?" Walipomweleza akasema, "Lakini maji yalikuwa yajaa mlipoyateka, si uchafu wote wapanda juu?" Ikaisha hapo. Maji ya kujaa yanasukuma kila kitu kurudi ndani, mtaro unachafua hata juu yake wenyewe.

Kwa hivo kanuni zangu za kriki ni hizi, na sizilegezi:

Chukua maji yakiwa yanapwa bado, kama saa moja na nusu kabla ya kufika chini kabisa. Yakianza kugeuka, simama. Hapo katikati yanaposimama pia usichukue, hayana mwelekeo.

Kila chupa iandikwe hali ya maji: yanajaa, yanapwa, yamesimama, bamvua au mafu. Chupa isiyo na hayo maneno kwangu ni takataka, hata iwe na kordineti na picha.

Ukirudi mwezi ujao rudi kwenye hali ile ile ya maji, si saa ile ile ya ukutani.

Pima chumvi kila mara unapochukua sampuli. Maji ya bahari kwenye mita yanasoma kama 50,000 kwa kipimo cha maikrosimensi, ya mto kwa kawaida hayafiki 1,000. Hiyo namba inakwambia umechota maji ya nani. Na pima juu na chini kabisa, manake maji chumvi ni mazito, yanalala chini na ya mto yanapita juu yake, hasa masika. Unaweza kuchota juu ukaona kila kitu kitamu na huko chini kuna kitu chengine kabisa.

Oksijeni pima mapema asubuhi kama unaweza. Mchana mimea ya majini inaitengeneza, usiku inaitumia, kwa hivo mahali panaponuka usiku, ukipima saa nane mchana panaweza kusoma vizuri.

Ndani kabisa ya kriki maji huchelewa kidogo kuliko Kilindini. Chomeka mti, uweke alama kila nusu saa, utajua kituo chako kinachelewa kiasi gani, usitegemee jedwali peke yake.

Na usalama: bamvua ikigeuka inarudi kwa kasi na mifereji inajaa kabla ya pale mlipo. Mmoja wenu kazi yake iwe kutazama maji tu, asishike kitu kingine. Mwenye kufaa ni mvuvi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya hapo, mlipe siku yake vizuri.

Hatua ya 4: Viumbe vya mikoko

Miti marenja wanaijua, usiwafundishe mlilana, mchu na mkoko ni upi. Wafundishe kusoma shida. Mchu una mizizi ya kupumulia inayosimama wima kwenye tope: mafuta yakiipaka au udongo ukiifukia, mti unakosa hewa. Yote mawili yametokea hapa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo Mwache ukafukia mizizi na mikoko mingi ikafa, na mafuta yaliyomwagika Kilindini 2005 yalifika mikoko ya Port Reitz. Kwa hivo wapime urefu wa mizizi iliyo juu ya tope na waandike, wakirudi wataona kama tope linapanda.

Majitaka ni tofauti. Yana mbolea, mti unaweza kuwa mbichi na mzuri huku chini kumeharibika. Usidanganywe na majani. Angalia kaa. Funga kamba ya mita nne iwe mraba wa mita moja kila upande, ilaze, kaeni kimya dakika kadhaa kaa watoke, hesabuni matundu na waliotoka, wale wenye gando moja kubwa wahesabuni peke yao. Fanya miraba kadhaa kila kituo.

Hatua ya 5: Ukikuta anayechafua

Renja hufikiria kukamata. Hapa kazi yake ya kwanza ni kuandika. Picha yenye kitu kisichohama nyuma yake, saa, kordineti, hali ya maji, rangi, harufu, jina la shahidi wa pili. Chupa ya kupima bakteria lazima iwe safi ya maabara, usiisuuze, weka kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa sita. Chupa za vipimo vya kawaida ndo unasuuza mara tatu kwa maji yale yale.

Ripoti moja, iende siku ile ile kwa wote: NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa uchafuzi, WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) kwa mto, kaunti kwa majitaka na taka, na KFS (huduma ya misitu) kwa mikoko. Ukipeleka kwa mmoja tu atakwambia si kazi yake. Taja sheria: EMCA ya 1999 (sheria ya mazingira) inakataza kuchafua maji, na kanuni za ubora wa maji zinakataza kujenga kando ya mto, kwa kiasi cha mita 6 mpaka 30 kutegemea upana wake. Waambie habari ya Owino Uhuru, pale Mikindani, watu walioumizwa na sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mahakama ya mazingira hapa Mombasa mwaka 2020 iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na vipimo vya damu na udongo vilikuwa sehemu kubwa ya kesi. Bila namba zilizoandikwa vizuri wangebaki na kilio tu.

Mwisho wa mafunzo kila renja apewe kituo chake kimoja chenye jina lake kwenye karatasi ya ukutani, na tarehe za bamvua za miezi mitatu ijayo zimeshajazwa kwa penseli. Tarehe ya kwanza nenda naye, ya pili mpigie simu usiku wa kuamkia, ya tatu mwache aende mwenyewe akuletee daftari.