Kubadili pampu ya mafuta ya Corolla NZE uani kwako

Gari letu ni Corolla NZE121, injini ya 1NZ, lita moja na nusu. Mimi si fundi, nafundisha hesabu sekondari hapa Tanga. Pampu ya mafuta ya gari hili nimeifunga mwenyewe uani, na kesho yake nikaifungua tena kwa sababu ya kipira kidogo kuliko pete. Nitasimulia zote mbili.

Lilianza kutusumbua juani. Tunarudi kutoka Muheza, tumefika Pongwe, likapoteza nguvu kama limeishiwa mafuta, likazima. Tukakaa chini ya mwembe nusu saa, nikapiga starta, likawaka kama si lenyewe. Pampu ya umeme iliyochoka ina tabia hiyo: ikishika moto inakwama, ikipoa inazunguka. Lakini koili za plagi na sensa ya krankishafti nazo huleta mchezo huohuo, kwa hiyo usikimbilie duka la spea na pesa mkononi. Pima kwanza.

Siku ya tatu likagoma kabisa, na kwa anayetaka kupima hiyo ni heri. Wengi hushauri ufungue swichi bila kupiga starta, usikilize nyuma ya gari mlio wa pampu wa sekunde mbili. Kwa Toyota nyingi za umri huu utasikiliza mpaka uchoke, kwa sababu pampu haipewi umeme mpaka injini ianze kuzungushwa. Niling'oa kiti cha nyuma (sehemu ya kukalia tu, inavutwa juu kwa nguvu upande wa mbele), nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha tangi, maana pampu imekaa humo ndani, nikamwita mke wangu.

"Mama Zuwena, piga!"

Starta ikalia, kiganja hakikuhisi mtetemo wowote.

"Baba Zuwena, vipi huko?"

"Kimya kama msibani."

Hapo bado hujaihukumu pampu. Angalia fyuzi iliyoandikwa EFI, halafu rilei ya pampu (swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), ambayo Toyota huiandika C/OPN. Kisha chomoa soketi iliyo juu ya pampu, weka mita ya umeme kwenye nyaya mbili za pampu (nyingine ni za geji ya mafuta), mtu apige starta tena. Ukipata volti zaidi ya 10, umeme unafika, na anayekataa kazi ni pampu. Usipopata kitu, tatizo liko kwenye nyaya, rilei au fyuzi, na pampu mpya haitakusaidia hata kidogo. Unaweza pia kupima pampu yenyewe kwa omu: nzima huonyesha kati ya 0.2 na 3. Yangu mita ilionyesha kwamba njia imekatika kabisa.

Sasa usalama, na hapa naomba usiruke mstari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini usiuone, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali, sembuse joto la Tanga. Fanya kazi nje, si ndani ya banda. Jiko la mkaa lihamishwe mbali, si lisogezwe kidogo. Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe karibu na mkono wako. Tochi iwe ya betri, uiwashe ukiwa mbali na tangi na usiizime hadi umalize. Mzee wa nyumba ya pili alikuja kutazama akiwa na sigara mdomoni. Nikamwambia, "Shikamoo baba, nisamehe, lakini hiyo sigara itatuzika wote." Akaenda kuizima barabarani, akarudi, na ndiye aliyenishikia tochi hadi mwisho.

Tangi liwe na mafuta kidogo, robo au chini. Punguza presha kwenye paipu: soketi ya pampu ikiwa imechomolewa, piga starta mara mbili tatu (kama gari bado linawaka, liache lizime lenyewe). Fungua mfuniko wa kujazia mafuta ili tangi lipumue, kisha toa terminali hasi ya betri.

Kabla ya kufungua chochote, safisha. Juu ya tangi letu kulikuwa na mchanga wa kutosha kupanda mchicha. Brashi kavu kwanza, kisha tambara lenye unyevu. Mchanga ukiingia tangini utaishia kwenye pampu uliyoinunua jana.

Paipu ya mafuta imeshikwa na klipu ya plastiki. Ifungue taratibu kwa vidole, usiikwangue kwa bisibisi, maana plastiki ya miaka ishirini huvunjika kwa kuangaliwa. Funika kwa tambara, petroli kidogo itatoka. Fungua bolti ndogo zilizozunguka kifuniko huku ukizihesabu na kuziweka kwenye kikombe. Kisha inua kifurushi chote, yaani pampu na vyote vilivyofungwa nayo, ukikiinamisha, kwa sababu kina mkono mwembamba wenye boya la geji; ukiupinda, geji itakudanganya maisha yote.

Kifurushi hicho si cha kutupa. Kinachokufa mara nyingi ni mota tu, kipande cha duara kilichokaa katikati, na chini yake kuna kichujio laini ambacho mafundi wanakiita soksi. Soksi yangu ilikuwa nyeusi kama masizi. Nenda dukani na pampu ya zamani mkononi, ulinganishe urefu, unene wa mdomo na umbo la pini za soketi. Ya mtumba sikushauri, kwani hujui imetembea kilomita ngapi. Nunua pamoja na soksi mpya, oringi ya mdomo na gasketi kubwa ya juu ya tangi.

Oringi, kile kipira kidogo nilichokitaja mwanzo, ndiyo iliyonirudisha. Inakaa kwenye mdomo wa pampu, pale inaposukuma mafuta kuingia kwenye nyumba ya filta. Niliisukuma ikiwa kavu, ikajikunja, nikafunga kila kitu kwa furaha. Gari likawaka. Asubuhi yake likataka starta ndefu, na mlimani likakosa pumzi, kwa kuwa presha ilikuwa inavuja na kurudi ndani ya tangi. Kitabu cha ufundi cha injini hii kinataka 304 hadi 343 kPa, yaani kama psi 44 hadi 50, nami pengine sikuwa na nusu yake. Geji ya presha sina, lakini nilipofungua niliikuta oringi imelala ubavu, imekatika. Mara ya pili niliipaka petroli, nikaisukuma pampu ikiwa imenyooka bila kuizungusha, ikaingia kwa sauti ndogo ya "tup".

Usiunge nyaya za ndani kwa utepe wa umeme, gundi yake huyeyuka kwenye petroli. Silikoni ya kawaida nayo usiiweke badala ya gasketi. Italainika, vipande vitaingia kwenye soksi. Gasketi ya zamani ikishaonja petroli huvimba na haikai tena kwenye njia yake, ndiyo maana nasema nunua mpya.

Rudisha kifurushi, bolti zikazwe kwa kukatisha kati, ya huku kisha ya ng'ambo, kwa nguvu ya mkono tu. Paipu ikiingia isikie ikibana, halafu ivute kuhakikisha. Rudisha betri. Kiti usikirudishe bado. Piga starta fupi fupi, zisizidi sekunde kumi, kwa sababu paipu ni tupu na ya kwanza huenda isiwake. Likiwaka, liache kama dakika kumi huku ukimulika ukingo wa gasketi na kiungo cha paipu. Unyevu wowote, hata wa jasho, zima urekebishe.

Chanzo cha yote haya nadhani nakijua. Pampu hupozwa na mafuta yanayoizunguka, nasi tulizoea kuweka ya elfu kumi, taa inawaka, tunaongeza ya elfu kumi nyingine. Siku hizi geji ikikaribia robo mke wangu huingia kituoni bila kuniuliza.

Matambara yaliyolowa petroli yaanikwe nje, mbali na nyumba, yakauke kabla ya kutupwa. Na kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, piga starta uhesabu. Langu sasa linawaka kabla sijamaliza kusema mbili.